Saa ya Mjomba Athumani

Jumamosi ile Saada alipanda kwa mjomba wake akiwa na jibu lake mdomoni, na jibu lenyewe lilikuwa hapana. Balaa ni kwamba watu wote waliomsubiri kule juu walikwisha kumjibia ndiyo, na pilau ya hiyo ndiyo ilikuwa inaiva jikoni.

Mama yake, Bi Mwanaasha, alimdaka kabla hajafika uani. Ukungu wa Mgeta ulikuwa haujainuka bado, na mama alikuwa amejitanda khanga mbili kwa baridi.

"Ndiyo nguo gani hiyo uliyovaa?"

"Shikamoo mama. Ya kazini."

"Marahaba. Siku ya kujibu posa unakuja na gauni la kazini? Tena lina doa la oili!"

"Nimetokea kibandani, mama. Sijaja kuolewa leo. Nimeitwa kuulizwa."

Bi Mwanaasha alimtazama mwanawe yule wa pekee, miaka thelathini na minne, mrefu, mkavu wa maneno kama marehemu baba yake, akashusha pumzi.

"Saada, nakuomba. Kaka yangu ana presha. Ukitaka kusema neno, lipitishe kwangu kwanza."

"Neno lenyewe unalijua."

"Nalijua. Ndiyo maana nakuomba."

Neno lenyewe liliitwa Ahmadi. Alikuwa mkulima wa kabichi na karoti, mtu wa mlima ule ule, na alikuwa na miaka ishirini na tisa. Hapo ndipo ukoo ulipokwama. Umaskini wangeuvumilia, maana pale mlimani nani alikuwa tajiri? Lakini mwanamke aolewe na kijana mdogo kwake kwa miaka mitano! Mjomba Athumani aliuliza mbele za watu kama Saada anatafuta mume au anatafuta wa kumlea. Watu wakacheka, Saada akameza, ila hakusahau.

Ahmadi alikuja mara ya kwanza kibandani kwake mjini Morogoro, pembeni ya soko, akiwa amekumbatia saa ya ukutani ya marehemu mama yake. Saada alikuwa fundi saa, kazi aliyorithi kwa baba, na aliposema kwamba mshale mrefu umepinda na ataunyoosha, kijana akashtuka. "Usiuguse, dada. Huo aliupinda mama akifuta vumbi. Nitengenezee saa, huo uniachie hivyo hivyo." Saada akainua macho kumtazama vizuri mtu anayesema maneno kama hayo. Aliyainua, na mpaka leo, miaka miwili baadaye, hajaweza kuyashusha.

Sasa kwa Waluguru mwanamke haolewi hivi hivi. Walii atatoka upande wa baba, sawa, hayo ni ya msikitini. Lakini mjomba, kaka wa mama, asipofungua kinywa, hakuna atakayekaa kula pilau yako. Na mjomba huyu hakuwa na kinywa tu. Alikuwa na saa.

Ilikuwa saa ya mkononi ya Uswisi, ya dhahabu, nyembamba, ya kutia ufunguo kila asubuhi. Mjomba Athumani alipewa na bwana mmoja Mgiriki mwenye shamba la mkonge, alipokuwa karani wake, siku bwana yule alipofunga mizigo kurudi kwao. Tangu hapo ilikaa mkononi mwake miaka karibu hamsini. Uso wa saa uliokuwa mweupe uligeuka polepole ukawa rangi ya chai ya maziwa, na hakuna aliyeona imeharibika. Imezidi kuwa nzuri, ndivyo walivyosema. Kila mwaka Saada alikuwa akiichukua kuisafisha, na ikiwa mezani kibandani, wahadhiri wa Mzumbe waliokuja kubadilisha betri walikuwa wananyamaza ghafla. Watu hao wana saa kwenye simu, wana saa kwenye kompyuta, na bado wakiiona ile wanaomba waishike tu. Mmoja alirudi mara tatu kuuliza kama inauzwa. Saada alimjibu kwamba hata yeye hangemuuzia mtu sauti ya baba yake.

Alimaanisha. Tutafika huko.

Sebuleni walikuwa wamepanga viti vya plastiki ukutani kote. Mjomba Athumani alikaa kwenye kochi, koti juu ya kanzu, mkono wa kushoto mtupu. Wiki mbili nzima mkono ule ulikuwa mtupu, na Saada alipouliza aliambiwa mkanda umekatika. Pembeni yake alikaa mchumba, Hafidhi, mwenye maduka ya simu Dar es Salaam, na mshenga wake mcheshi asiyeishiwa maneno. Tusimsingizie Hafidhi, adabu alikuwa nayo, na uso wake ulikuwa wa kupendeza.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Keti. Keti karibu na mwenzio."

Saada akaketi karibu na mama yake.

Mjomba akakohoa. "Hafidhi mwanangu, kwetu huku mali ya mjomba huenda kwa mtoto wa dada. Mimi dada yangu mmoja, na dada yangu mtoto wake mmoja, ndiye huyu. Kwa hiyo ile saa ni yake. Ila saa ya kiume haivaliwi na mwanamke. Nimesema siku zote, atakayemwoa Saada ndiye atakayeivaa. Leo nataka yeye mwenyewe akuvishe, sisi tukiona. Hilo ndilo litakuwa jibu."

"Mjomba, mimi..." Saada alianza.

"Ngoja kidogo, mjomba," Hafidhi akaingilia kwa upole, akitabasamu. "Kabla hajanivisha, nina zawadi. Nilikuomba saa hii ikakaguliwe, ukanipa. Nilitaka nimshangaze Saada."

Akatoa kiboksi cha mahameli, akakifungua. Mwanga wa dirishani ukagonga dhahabu, chumba kizima kikavuta pumzi. Wanawake wakapiga vigelegele. Saa ilikuwa inameta kana kwamba imetoka dukani asubuhi ile.

"Mashallah!" mshenga akasema. "Bi harusi mpya, saa mpya!"

Saada aliipokea. Mkono ukaingia wenyewe mfukoni mwa gauni, ukatoka na kile kioo kidogo cha jichoni anachofanyia kazi.

"Fundi haachi ufundi," mshenga akatania, na watu wakacheka tena.

Yeye hakucheka. Kingo za saa ile, ambazo zamani ungezihisi kwa ukucha, zilikuwa zimesagwa hadi zikawa mviringo kama sabuni iliyoogewa. Uso wa rangi ya chai haukuwepo. Mahali pake palikuwa na rangi nyeupe mpya, na namba zilizochorwa na mtu mwenye haraka. Akaigeuza. Nyuma palikuwa na herufi mbili kubwa, H na S, zimefungwa pamoja kwa ua.

"Nani alikwambia uandike jina langu?" aliuliza.

"Ni herufi tu," Hafidhi alisema. "Ya kwangu na ya kwako."

"Nilikuwa sijajibu."

"Saada," mama akanong'ona.

Lakini Saada alikwisha kutoa kisu chake kidogo. Akakipenyeza ukingoni, akakizungusha, kifuniko cha nyuma kikaruka kiganjani mwake. Akakigeuza ndani. Palikuwa pasafi. Hapakuwa na kitu.

Mafundi saa wana desturi yao ambayo wateja hawaijui. Anayefungua saa hukwaruza alama ndogo upande wa ndani wa kifuniko, herufi yake na mwaka, ili fundi atakayefuata ajue nani alipita kabla yake. Ndani ya kifuniko cha mjomba Athumani zilikuwepo alama kumi na tisa. Saba zilikuwa za fundi Said, baba yake Saada, herufi S yenye mkia mrefu kuliko inavyopaswa. Ile ya saba ilitetemeka, maana aliikwaruza mwaka aliokufa. Chini yake zilifuata kumi na mbili za binti yake. Kila mwaka alipoifungua saa ile Saada alikuwa akisema kimoyomoyo, shikamoo baba, halafu ndiyo anaanza kazi.

"Kifuniko cha zamani kiko wapi?"

"Kilikuwa kimeliwa sana," Hafidhi alieleza, bado mpole. "Fundi alisema akichora herufi kitatoboka. Akaweka kipya, dhahabu tupu, si ya kupaka."

"Sijauliza kipya. Nimeuliza kile kiko wapi."

"Kilibaki kwake. Nadhani alikiyeyusha."

Saada alisimama. Machozi yalimjia na hakuyaficha.

"Mjomba, chini ya kifuniko kile baba aliandika kila mara alipokusafishia saa. Mara saba. Hukuwahi kuziona kwa sababu hazikuwa zako kuziona, zilikuwa zetu mafundi. Ndiyo maandishi ya mkono wake niliyobaki nayo."

Mjomba Athumani aliinama mbele. "Said aliandika humo?"

"Aliandika."

"Alikuwa anaifungua mbele yangu, tunakunywa kahawa. Hakuniambia." Mzee alinyoosha mkono, akaichukua saa, akaitazama uso na kisogo kama mtu anayetafuta ndugu yake kwenye umati.

"Samahani sana," Hafidhi alisema, na kwa kweli aliona aibu. "Sikujua. Nilitaka tu kuifanya iwe mpya."

"Nani alikwambia tunaitaka mpya?" Saada akamgeukia. "Miaka hamsini watu wanaipenda saa hii na makunyanzi yake. Wewe umekaa nayo wiki mbili, yakakukera. Mimi nina miaka thelathini na minne, Hafidhi. Makunyanzi yangu yako njiani. Siku utakapoyaona, utanipeleka kwa nani akanisage?"

"Saada, hiyo si haki."

"Huenda si haki. Wewe si mtu mbaya. Lakini nimekuja leo kusema hapana, na nasema hapana."

Vigelegele vya nani sasa! Kutoka jikoni ilisikika sufuria ikifunikwa taratibu.

"Keti chini," mjomba alisema.

"Nimesimama vizuri, mjomba."

"Nasema keti! Unavunja posa ya watu wazima kwa ajili ya kipande cha chuma?"

"Siivunji kwa ajili ya chuma. Nilikuja kuivunja. Chuma kimenisaidia maneno tu."

"Kwa ajili ya yule mtoto wa kabichi!"

"Ana jina. Anaitwa Ahmadi, na si mtoto. Nampenda, mjomba. Nampenda mbele yako na mbele ya mama, na sina tena wa kumficha."

Mishipa ya shingo ilimsimama mzee. Akainua ngumi yenye saa ndani yake. "Sikiliza. Ukitoka kwenye mlango huu kwenda kwake, saa hii huipati. Bora niitupe mtoni. Umenisikia? Na sitakuja kwenye ndoa hiyo, na tuone nani atakuja."

Sasa Saada aliijua bei ya hapana yake. Alikuwa ameipenda saa ile tangu akiwa binti wa miaka kumi na sita, alipopewa mara ya kwanza kuitia ufunguo, na aliambiwa tangu wakati huo kwamba ni yake. Aliitazama ngumi ya mjomba kwa mara ya mwisho. Iliuma, tena iliuma sana.

"Itupe," alisema. "Baba wameshamtoa ndani yake."

"Na utaishi wapi? Kwenye gunia la karoti?"

Hapo ndipo Bi Mwanaasha, ambaye alikuwa hajawahi kumkatiza kaka yake tangu wazaliwe, alipofungua kinywa.

"Ataishi kwenye shamba la mama yetu, kaka. Neno ni lako, silikatai. Lakini ardhi ya ukoo huu inapita kwa wanawake. Ilipita kwa mama ikaja kwangu, na kwangu inakwenda kwake. Hiyo huwezi kuitupa mtoni."

Saada alimshika mama bega, akatoka.

Chini ya nyumba, ngazi zilizochimbwa kwenye udongo zilishuka hadi barabarani, na hapo lori la kabichi la Dar es Salaam lilikuwa linapakiwa. Ahmadi alikuwa juu ya mzigo, tope hadi magotini. Alimwona, akaruka chini. Wapakiaji wakajifanya hawaoni, kazi ambayo waliifanya vibaya sana.

"Wamekuuliza?"

"Walikwisha kunijibia. Nimewaharibia."

Alimweleza yote kwa maneno machache. Ahmadi alisikiliza akijifuta mikono kwenye suruali, akiifuta tena ilhali imeshakauka.

"Rudi, Saada," alisema mwishowe. "Kamwombe radhi mzee. Saa ile ni urithi wako. Mimi nitakusubiri, hata miaka mingapi."

"Umesubiri miwili. Umeona nini?"

"Sitaki siku moja unitazame ukaona kitu nilichokupotezea."

"Nitazame mimi kwanza."

Akamtazama. Alikuwa na macho ya kahawia yasiyojua kuficha, na Saada aliona humo kila alichokihitaji, pamoja na hofu.

"Unaogopa," alimwambia.

"Naogopa. Wakikutenga utabaki na mimi tu."

"Mimi pia naogopa. Basi tuogope wawili, itapungua. Nijibu jambo moja. Mimi nitazeeka kabla yako. Utafanyaje?"

"Nitafanya nini zaidi ya kuwa karibu nione?" Ahmadi alisema. "Nimeanza kukuona, sitaki nikose sehemu yoyote."

Kama kulikuwa na jibu bora zaidi ya hilo, Saada hakuwahi kulisikia, wala sisi. Alimshika mkono ule wa tope mbele ya lori, mbele ya wapakiaji, mbele ya mlima mzima, akageuka kutazama juu.

Ukungu ulikuwa umeinuka. Watu wote walikuwa wamejipanga ukingoni mwa ua kama waliolipa kiingilio. Hafidhi alikuwa anaelekea kwenye gari lake, kichwa chini, mshenga nyuma yake na kiboksi kitupu. Mjomba Athumani alisimama peke yake mbele ya wote, na ngumi ilikuwa bado imefumbwa. Bondeni mto ulikuwa unavuma.

"Mjomba!" Saada akapaza sauti. Milimani sauti haihitaji simu. "Ijumaa ya mwisho wa mwezi huu naolewa na Ahmadi, hapa hapa, kwenye shamba la bibi. Baba mdogo atasimama walii. Mkeka wa mbele kabisa nitautandika kwa ajili yako. Ukija, utaukalia. Usipokuja, sitamruhusu mtu mwingine aukalie. Utabaki wazi, na kila atakayeingia atauliza ni wa nani. Na mimi nitawaambia!"

Kabichi moja ilimponyoka mpakiaji, ikabingirika barabarani, na hakuna aliyeikimbilia.

Mzee aliinua mkono wenye saa. Bi Mwanaasha, nyuma yake, alijiziba mdomo kwa khanga. Mkono ukakaa juu hivyo muda mrefu, mrefu kiasi kwamba Ahmadi alikaza vidole vyake katika vya Saada. Kisha mkono ukashuka, ukaingia mfukoni mwa koti, ukatoka mtupu.

"Kabla ya sala au baada?" mjomba Athumani aliuliza, kwa hasira zile zile.

Saada akasogea hatua moja kuelekea kwenye ngazi.

"Baada, mjomba."

"Baada ya sala watu wana njaa," mzee alisema, akageuka kurudi ndani. "Mwambie huyo mtu wako mimi kabichi sili."